Maswali na Majibu: Ufalme Wako wa Kubuni Unapata Wapi Maji?

Toleo lililopita tuliwaomba wasomaji mnaoandika hadithi mtutumie falme zenu za kubuni, ramani, maelezo, na maswali yanayowakwamisha. Barua zimekuja nyingi, Mbeya, Iringa, Njombe mpaka Kyela, nyingine ramani imechorwa kwenye daftari la hesabu kwa kalamu ya bluu na nyekundu na imependeza kweli. Kitu kimoja nimekiona karibu kwenye zote: mfalme yupo, ukoo wake upo, upanga wake una jina, ila ukiuliza watu wa mji ule wanakunywa maji ya wapi na wanakula nini, kimya. Kwa hiyo majibu ya leo mengi yatarudi kwenye maji, mnivumilie, maana mi naamini ukishajua mvua inanyesha wapi na maji yanaelekea wapi basi nusu ya serikali ya ufalme wako umeshaiandika.

Swali: Shikamoo mwalimu. Mi naandika hadithi ya ufalme unaitwa Usivale. Kuna mto mkubwa, Hanje, unatoka baharini unapita katikati ya milima afu unagawanyika mara tatu ili kila mji upate maji. Rafiki yangu kasema mto wa hivyo haupo. Si ni hadithi ya kubuni lakini, kuna ubaya gani? (Msomaji, Uyole)

Marahaba mdogo wangu. Rafiki yako msikilize. Kubuni ruksa, joka ruksa, mlima unaoongea ruksa, na kama Hanje unapanda kutoka baharini kwa uganga basi huo uganga ndio uwe stori yenyewe, watu waulize nani anaupandisha na analipwa nini. Ila kama Hanje ni mto tu wa kawaida basi ufuate tabia za mito, kwa sababu msomaji wako kakulia huku huku, mito anaijua. Maji yanatoka juu yanashuka, na yakishuka yanaungana, vijito vinakuwa mto, mito inakuwa mto mkubwa. Kugawanyika kupo ila mara nyingi ni mwisho kabisa kwenye tambarare, kama Rufiji inavyojigawa matawi ikikaribia bahari pale mkabala na Mafia. Ziwa nalo kwa kawaida lina njia moja ya kutokea: Nyasa linapokea Kiwira, Mbaka, Lufilyo, Ruhuhu na mingine kibao, ila linatoka kwa Mto Shire peke yake kule kusini mwa Malawi.

Sasa we una bahati unakaa Uyole. Hapo mlipo na hiyo Safu ya Uporoto ni sehemu ambayo mvua ya siku moja inaweza kwenda pande tatu zisizojuana. Tone likiangukia upande wa Usangu linaingia Ruaha Mkuu, linapita kinamasi cha Ihefu, hifadhi ya Ruaha, mabwawa ya Mtera na Kidatu, linakuta Rufiji linaenda Bahari ya Hindi kwenye pwani yetu. Tone la jirani yake likiangukia upande wa Rungwe linashuka na Kiwira mpaka Nyasa, Shire, Zambezi, linafika bahari hiyo hiyo lakini Msumbiji. Na la tatu likienda na ule Songwe wa kaskazini linaishia Ziwa Rukwa, na Rukwa halina pa kutokea, maji yanakaa pale yanakauka kwa jua, ndio maana yana magadi na ziwa lenyewe mwaka huu kubwa mwaka ule limejikunja.

Fikiria hilo kwenye Usivale. Mgongo mmoja wa mlima, mataifa matatu chini yake, moja lina mto mrefu na mashamba, moja lina ziwa refu la mitumbwi na samaki, moja lina maji ya chumvi na fahari ya kuwa na chumvi wakati wengine hawana. Na juu pale kwenye mgongo kuna kijiji kidogo cha watu wanaolima viazi ambao hakuna mfalme anayewajali mpaka siku mmoja wao agundue kwamba kwa jembe tu na siku chache anaweza kugeuza kijito kiende upande mwingine. Futa zile njia tatu za Hanje, weka vijito kumi vinavyoungana, miji yako iweke pale vinapokutana. Utaona yenyewe inajipanga.

Swali: Ndaga fijo kwa jarida lenu. Kwenye ufalme wangu kaskazini kuna theluji, katikati jangwa, kusini msitu mnene wa mvua, na mtu anatembea siku moja anavimaliza vyote. Kaka yangu anasema nimezidisha. (Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Tukuyu)

Ndaga na wewe binti. Kaka yako yuko sahihi kwenye theluji, kwenye hayo mengine hajasafiri vizuri.

Tuanze na jangwa na msitu. Panda gari asubuhi hapo Tukuyu, ukungu umeshika migomba, sweta ndani koti juu, vioo vya gari vinatoka jasho. Mnapanda Isyonje, baridi inazidi, mnateremka Uyole, mnaelekea Chimala, ukifika Igawa na Rujewa koti uko nalo mapajani na dirisha mmefungua wote, nje ni miiba na vumbi na ng'ombe. Hujamaliza hata siku moja. Tukuyu mnapata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, upande wa Rungwe kuna sehemu zinazidi hata hapo, wakati tambarare ya Usangu inapata karibu 700. Sababu ni milima. Upepo wa kusini mashariki unapita juu ya Ziwa Nyasa unabeba unyevu, unakutana na Livingstone na Rungwe unalazimika kupanda, huko juu kuna baridi, unyevu unageuka mvua unaangukia kwenu, upepo ukivuka kwenda upande wa pili umeshamwaga karibu kila kitu. Kwa hiyo msitu wako na ukame wako vinaweza kukaa jirani kabisa, ila lazima uweke mlima katikati na useme upepo unatoka wapi. Ukiamua upepo unatoka mashariki basi msitu uwe mashariki ya mlima, usije ukauhamisha chapta ya saba.

Theluji ndio kazi. Vilele vyetu virefu kabisa huku kusini ni Mtorwi, mita 2,961, na Rungwe, 2,960, na havina theluji. Kitulo kwenye mita 2,600 hivi mwezi wa 6 na wa 7 unaamka nyasi nyeupe, ila hiyo ni sakitu, jua likipanda imeisha. Ukitaka theluji ya kudumu karibu na ikweta unahitaji mlima wa aina ya Kilimanjaro, 5,895. Ushauri wangu, achana nayo. Theluji umeiona kwenye filamu, sakitu umeikanyaga. Kitulo ukienda mvua zikiwa zimechanganya unakuta uwanda mzima maua, ni hifadhi ya taifa tangu 2005 na ilianzishwa kwa ajili ya maua yenyewe. Ufalme wenye uwanda wa hivyo juu ya mawingu, mwezi wa 2 una rangi zote na mwezi wa 7 mche wa kiazi unaungua kwa baridi usiku mmoja, mi huo ningeusoma.

Swali: Kamwene. Mji mkuu wangu unaitwa Lumanda, uko juu kabisa ya jabali, ukuta wa mawe pande zote, hakuna adui anaweza kuingia. Una watu 10,000. Je nimesahau nini? (Msomaji wa Ipogolo, Iringa)

Kamwene. Umesahau ndoo.

Watu 10,000 juu ya jabali, maji wanachota wapi? Kama ni mtoni chini basi adui hahitaji kuvunja ukuta, anakaa mtoni anasubiri. Na chakula, tupige hesabu pamoja. Mtu mzima mpe nusu kilo ya unga kwa siku, watu 10,000 ni kilo 5,000, yaani gunia 50 za kilo mia kila siku ya Mungu. Kama huna gari wala punda na kila mpagazi anabeba kilo 30, unahitaji wapagazi kama 170 wanaingia getini kila siku, siku zote 365, na hao nao wanakula. Kwa mwaka ni gunia zaidi ya 18,000. Ukisema kwa jembe la mkono ekari inatoa gunia 6 za ulezi basi unataka ekari 3,000 na kitu, hapo hujahesabu mbegu, hujahesabu pombe, na ufalme usio na pombe ya ulezi watu wake watakuwa wanafanyaje sherehe. Kwa hiyo mji mkubwa hauwezi kuwa peke yake. Una mashamba, una njia ya kuingizia chakula, una maghala, na una mtu mwenye mamlaka ya kusema chakula kije. Huyo mtu muandike, anavutia kuliko jenerali.

Na mfano unao hapo hapo, kilomita chache tu toka mjini. Nenda Kalenga. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, hakuweka ngome yake kileleni, aliiweka bondeni kando ya Ruaha Mdogo, maji yapo, ardhi ya kulima ipo, ukuta wa mawe na udongo kuzunguka. Mtu anaweza kuuliza kwa nini sasa ilianguka, na ndio swali zuri kwa mwandishi. Agosti 17, 1891 pale Lugalo jeshi la Uhehe lilimpiga Zelewski, kamanda wa Kijerumani, na askari wake kwa kuwavizia njiani, na Zelewski mwenyewe aliuawa pale. Wajerumani walirudi baadaye na mizinga, Oktoba 30, 1894 wakaichukua Kalenga. Ukuta uliojengwa kuzuia watu wa mikuki na bunduki za kushindilia haukujengwa kwa ajili ya mizinga. Ila Mkwawa hakuisha na ukuta, alipigana porini karibu miaka minne mpaka 1898, kwa sababu watu walikuwa wanampa chakula na habari. Kuna jambo zito hapo. Mji mkuu ulianguka, ufalme ukaendelea kutembea kwa miguu. Fuvu lake lilirudishwa toka Ujerumani mwaka 1954 na lipo kwenye makumbusho pale Kalenga, kama hujawahi kwenda nenda, na ukitoka nje angalia mto uko wapi na miinuko iko wapi, utajua Lumanda uiweke wapi.

Swali: Jeshi la adui yangu lina farasi 5,000 linatoka pwani linafika mji mkuu milimani kwa siku tatu. Inawezekana? (Mafinga)

Kwa siku tatu hapana. Misafara ya zamani ya miguu ilikuwa inakwenda kama kilomita 20 au 25 kwa siku, na Iringa mpaka Dar ni kama kilomita 500, piga hesabu mwenyewe, ni wiki tatu hivi na hapo hujapumzika. Farasi wangekwenda kasi lakini njiani kuna mbung'o, nyanda za chini zenye mapori farasi wanaugua nagana wanakufa, na hicho kimewakinga watu wa bara kuliko ngome nyingi. Mvua nayo, huku kwetu inaanza mwezi wa 11 inaenda mpaka wa 4 au wa 5, vijito vinakuwa mito, basi vita vyako viweke kiangazi.

Afu kabla ya kufika kwako kuna mlima. Umepita Kitonga, unajua. Malori yanapanda gia ya kwanza, utingo anatembea pembeni na kigingi mkononi likizima tu anaweka nyuma ya tairi, na likiharibika moja kwenye kona foleni nzima inasimama juu mpaka chini. Hiyo ni barabara ya lami. Mweke mkuu wako wa mlango pale na watu 200 tu na mawe.

Swali: Habari za kazi. Mfalme wangu anaamua kila kitu peke yake, nimeandika chapta nne sasa stori imekwama, kila tatizo likija anaamuru linaisha. Serikali ya ufalme niipange vipi iwe na uhai? (Mkulima na mwandishi, Mbarali)

Nzuri ndugu yangu, na swali lako nimelipenda kuliko yote, maana unakaa kwenye jibu.

Mfalme anayeamua kila kitu hayupo. Hata mwenye nguvu kiasi gani, amri yake lazima ibebwe na mtu, ifike mahali, itekelezwe na mtu mwingine ambaye naye ana tumbo, ana wakwe, ana deni. Uhehe wa Munyigumba na mwanae Mkwawa ulikuwa na vanzagila, watawala wadogo waliowekwa kwenye maeneo, wengine ndugu wa mtawala, wengine wa koo zilizoshindwa zikaunganishwa kwa ndoa. Mtu wa namna hiyo kila asubuhi anapima, nikimpelekea mkubwa ng'ombe wote alioagiza wangu watanichukia, nikipunguza ataniondoa. Hapo ndipo stori inapoishi, sio kwenye kiti cha enzi.

Lakini kwa Mbarali mi nisingeanza na vanzagila, ningeanza na banio. Wasomaji ambao hawajafika huko: mto unashuka toka milimani, pale unapogusa tambarare watu wamejenga banio kuyakamata maji, yanaingia mfereji mkuu, toka hapo mifereji midogo, mpaka majaruba ya mpunga. Na kuna zamu. Leo maji ya kwako, kesho ya mwenzako, wa juu anapata kwanza, wa mwisho wa mfereji anapata kilichobaki. Mwenye kufungua na kufunga mlango wa banio hana cheo kikubwa, ni mtu tu wa kijijini ana sweta na tochi, ila saa nane usiku wa mwezi wa 12 kiangazi kikiwa kimechelewa kuisha, miche iko kitaluni inasubiri, huyo mtu ana nguvu kuliko mkuu yeyote. Watu wanamfuata. Wengine na maneno matamu, wengine na panga. Kuna anayeenda kuziba mfereji wa jirani kwa mafurushi ya nyasi na matope, asubuhi anasema ni mafuriko yameleta.

Sasa panua hiyo iwe nchi. Huko juu wanalima mpunga, chini yao kuna Ihefu, chini ya Ihefu hifadhi ya Ruaha na viboko, chini yake Mtera na Kidatu ambako maji yanageuzwa umeme. Tangu 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kabisa kiangazi ndani ya hifadhi, mto ambao zamani ulikuwa unatiririka mwaka mzima, viboko wanabanana kwenye vidimbwi vilivyobaki. Kila aliyeko chini anasema wa juu kamaliza maji, mkulima anasema mfugaji, mfugaji anasema skimu kubwa, na wote wana watoto wa kulisha. Hakuna mtu mbaya kwenye hiyo orodha na bado mto unakauka, na ndio maana mimi naliona kama jambo la kuandikwa kwa moyo kuliko vita vya majoka.

Kwa hiyo serikali ya ufalme wako ianze hivi: nani anashika banio la juu kabisa, nani alimweka, anaondolewaje, na wa chini akionewa analalamika kwa nani na inachukua siku ngapi barua yake kufika. Kama mji mkuu uko juu ya mto, mfalme ni mwenye maji na wote wanamwogopa. Kama mji mkuu uko chini, mfalme ni ombaomba mwenye taji, kila kiangazi inabidi atume watu juu wakabembeleze au wakapigane. Hizo ni tawala mbili tofauti kabisa na hujabadilisha mfalme, umebadilisha tu sehemu alipokaa. Chapta ya tano iandike mlango wa banio umefungwa na ufunguo haujulikani uko wapi. Amri ya mfalme haifungui kufuli.

Swali: Mfalme wangu kafa ana watoto wa kiume wawili, nataka wagombane ila kila mtu anaandika hivyo. Kuna namna nyingine? (Dada msomaji, Njombe)

Ipo dada, tena hapo milimani kwa jirani zako Wanyakyusa. Zamani vijana wa kiume wakifika kama miaka kumi walikuwa wanatoka kwa wazazi wanajenga vibanda vyao, kijiji cha rika lao. Wanakula bado kwa mama zao, wanalimia baba zao, ila wanalala kwao, wanakua pamoja, wanaoa pale pale. Afu kinafika kipindi kizazi kizima kinakabidhiwa nchi, sherehe kubwa, wazee wanasogea, watoto wa chifu wanasimikwa, na mara nyingi ni wawili na nchi inagawanywa kila mmoja na upande wake. Yaani hakuna mmoja anayerithi kila kitu. Kila kizazi nchi inazidi kuwa nyingi na ndogo. Ndio maana Unyakyusa ulikuwa na machifu wengi wadogo wakati ng'ambo Uhehe ulijikusanya ukawa dola moja.

Na juu ya hao machifu wote kulikuwa na Lwembe wa Lubaga, huyu hakuwa na jeshi wala hakukusanya kodi, kazi yake ilikuwa mvua na rutuba, na alifungwa na miiko mingi mno, afya yake ndio afya ya nchi, akizidiwa na ugonjwa hakuachwa afe kifo cha kawaida. Weka hao ndugu wawili, waache wapendane kabisa, na mmoja wao achaguliwe kwa kazi ya namna hiyo. Wala hutahitaji ugomvi wao.

Swali: Nina miji sita yote inafanana, soko, ikulu, hekalu. Niitofautisheje? (Makambako)

Uliza kila mji kwa nini upo. Mbeya ipo pale chini ya Loleza sababu ya dhahabu ya Lupa miaka ya 1920, dhahabu iliyowavuta watu ilikuwa huko Lupa, Chunya ila mji umebaki hapa. Makambako yenu ipo kwa sababu njia zinakutana, barabara ya Njombe na Songea inachepuka hapo na reli ya TAZARA inapita hapo. Ile reli, kilomita 1,860 toka Dar mpaka Kapiri Mposhi, Zambia, ilijengwa 1970 mpaka 1975, haikupita Iringa mjini, ilizungukia Kilombero, na mji mkongwe ukabaki unaiangalia kwa mbali huku Makambako unakua. Tunduma upo kwa sababu ya mpaka, kila mtu pale anasubiri kitu, lori linasubiri karatasi, dereva anasubiri lori, mama ntilie anasubiri dereva. Mji wa mgodi, wa njia panda, wa mpaka, na mmoja ambao sababu yake imeshaisha lakini watu bado wapo. Huo wa mwisho ndio ningeuanzia.

Swali: Shikamoo mwalimu. Mpaka wa falme zangu mbili ni mto na baadaye ziwa. Je mpaka upite katikati ya maji au ukingoni, na nikikosea kuna shida? (Msomaji, Kyela)

Marahaba. Kyela mnaniuliza mpaka wa majini! Unaujua huu mkasa toka utotoni. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa Julai 1, 1890 uliandika mpaka unafuata ufukwe wa Ziwa Nyasa, Malawi wanausimamia huo, Tanzania tunasema mpaka uko katikati ya maji, na suala hilo halijaisha mpaka leo. Mtu wa Matema anaingiza mtumbwi asubuhi anatega nyavu, hajamuuliza yeyote yuko nchi gani, anaangalia upepo tu. Watu waliokaa mezani Ulaya, hawajawahi kuosha hata miguu kwenye lile ziwa, waliacha mstari ambao serikali mbili zinaujadili zaidi ya miaka 130 baadaye.

Mto nao usiuone ni mpaka mgumu. Songwe yenu, ile ya kusini inayoingia Nyasa, inahama. Mafuriko yakija makubwa inakata kona inatengeneza njia mpya, na mkulima aliyelala akiwa upande huu anaamka shamba lake la mpunga liko ng'ambo. Kwa hadithi hiyo ni zawadi. Kwa hiyo jibu langu, mpaka wa mtoni uache uhame angalau mara moja ndani ya stori, na wa ziwani usiutatue, weka nakala mbili za mkataba mmoja, kila mfalme ana ya kwake na maneno hayafanani. Kingine, usisahau kwamba watu wa pande mbili za Songwe wanasalimiana kwa lugha zinazosikilizana na wameoana, kwa hiyo vita ikitangazwa kuna mtu ataambiwa amchukie shemeji yake.

Ramani yako nimeiona, ziwa limekaa vizuri, ila umeweka mji wa bandari kwenye ufukwe wenye mawimbi makubwa wakati ghuba tulivu umeiacha tupu upande wa mashariki. Uhamishe mji, afu tutumie tena toleo lijalo pamoja na ule mkataba wa nakala mbili, tutauchapa.